Kiingereza cha kubabaisha si utafiti mbovu

Wengi Dar es Salaam huamini kwamba mtafiti anayejikwaa kwenye Kiingereza hana jambo la maana. Si kweli. Utafiti hupimwa kwa swali, data na uchambuzi. Sarufi mhariri ataisahihisha, lakini sampuli iliyochaguliwa vibaya haiokolewi na ufasaha wowote. Tena pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majarida ya Mulika na Kiswahili huchapisha makala za kitaaluma kwa Kiswahili, na zipo tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa lugha hiyohiyo. Ndiyo, majarida mengi ya kimataifa hudai Kiingereza, na anayetaka kusomwa mbali anakihitaji. Kinachoniuma ni mahojiano kufanyika Kariakoo kwa Kiswahili, kisha ripoti kuandikwa kwa lugha ambayo wengi wa waliohojiwa hawaisomi.