Bayeri, lokateri na fakitire ya kuran mu Bukavu: ile batu banawaza na vile iko

"Konteri iko mu jina yangu, bei ya kuran napanga miye." Ii utaisikia ku bayeri (mwenye nyumba) mu Kadutu, Panzi, hata Nguba kwenye banajidai kidogo. Jina ku konteri inaonesha tu kama SNEL (kampuni ya umeme) itadai weye fakitire, haikufanye muuzishaji wa umeme. Sheria ya umeme ya 2014 inaweka kuuzisha kuran kati ya kazi zenye kuomba lisansi, na mi sijaona parseli yenye iko na lisansi. Bayeri anagawa fakitire, basi. Na hesabu haiko nguvu: franka zote za fakitire unagawa na kWh (kipimo ya kuran) zote za konteri munene, ile ya SNEL, unapata bei ya kWh moya, kisha kila mutu analipa ya konteri yake ndogo. Tuseme 60 000 FC kwa kWh 300, ni 200 FC kwa kWh moya. Mwenye anakulipisha 350 anakula ile ingine, hata akiita "frais ya konteri".

"Namba hazipatane, basi bayeri ni mwizi." Ole, hapa njo kelele inaanziaka. Konteri munene inasema 300, konteri ndogo zote, na ya bayeri ndani, zinafika 270, ile 30 nani alikula? Taa ya inje, pompi, nsinga za zamani zenye kupata moto, ao mutu mwenye alijiunga pembeni. Tofauti kidogo iko kawaida, lakini pompi yenye kujaza tanki ya bayeri haiko deni ya mwenye chumba moya, na ile mambo inaandikwa mu kontra mbele ya kuingia, si siku ya kugombana.

Kama hamuna konteri na SNEL inatuma forfé (bei moya tu bila kupima), hakuna mutu wa kukuambia habari ya kWh. Mupatane tu: mwenye friza hawezi lipa sawa na mwenye taa moya na telefone.

Maji ya REGIDESO ni vilevile, na tiyo yenye kuvuja nyuma ya konteri munene ni ya bayeri kutengeneza.

"Hakulipa nyumba, namukatia kuran." Nyumba ni deni moya, kuran ni ingine, mwenye alilipa fakitire yake unamukatia juu ya nini? Kwa kodi kuko garanti (sheria ya 2015 inasema isipite miezi tatu), kuko serivisi ya abita (biro ya serikali ya mambo ya nyumba), kisha tribinali.

Na weye lokateri (mwenye kupanga nyumba), delestaji (kuran kukatwa kwa zamu) haifute kWh zenye ulishatumia. Omba tu uone karatasi ya SNEL yenyewe, si kikaratasi ya kalamu, na siku ya kusoma konteri mukuwe wote pale mupige namba picha.