Njia ya mkato ya tovuti ikigoma, usikimbilie kupiga Windows

Nimechoka kusikia mafundi wakiwaambia wateja kwamba kompyuta inayokataa kuweka njia ya mkato ya tovuti (shortcut, yaani faili dogo linalofungua tovuti ukilibofya) ndani ya folda ina virusi, na dawa ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuisakinisha tena. Mteja analipa, anapoteza picha na hesabu za duka, na akirudi nyumbani tatizo liko palepale.

Faili la njia ya mkato lenyewe ni dogo mno. Ukilisoma kwa Notepad unakuta mstari [InternetShortcut], chini yake URL= na anwani. Kiendelezi chake, yaani herufi za mwisho wa jina la faili, ni .url, na Windows hukificha hata ukiwa umeiamuru ioneshe viendelezi vyote. Unaweza kuliandika kwa mkono. Wakati wa kuhifadhi chagua All Files, la sivyo litapachikwa .txt mwishoni.

Vikwazo vya kawaida navitaja haraka. Umebandika anwani mahali pa jina, na Windows haikubali / wala : wala ? kwenye jina la faili. Uko ndani ya Program Files, ambako kuandika kunahitaji ruhusa ya msimamizi. Kichwa cha ukurasa ni kirefu na folda zimepandana mpaka majina ya folda zote pamoja na la faili yamefika kikomo cha herufi 260. Au kivinjari kimejaza skrini, huoni folda ya kuburutia ile alama iliyo kando ya anwani, ambayo ukiidondosha ndani ya folda hutengeneza njia ya mkato.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Mtu anatumia menyu ya Chrome kutengeneza njia ya mkato, inatokea kwenye deskitopu, anaiweka kwenye flashi, anaipeleka ofisini, haifunguki. "Virusi!" Jamani! Bofya kulia, fungua Properties. Ukiona kichupo cha Web Document, hilo ni faili la .url na litafunguka popote penye Windows na intaneti. Ukiona kichupo cha Shortcut, soma sehemu ya Target: utakuta mahali ilipo chrome_proxy.exe, programu ya kufungulia Chrome, kisha maagizo kama --profile-directory na pengine --app-id. Hiyo ni .lnk, njia ya mkato ya programu, na inategemea Chrome na wasifu (profile) wa mtumiaji ulio kwenye mashine ileile. Ukiihamisha, imeacha nyuma kila inachokielekezea. Na hata ile ya .url haibebi ukurasa: kuwa na namba ya simu ya mtu si kuwa na mtu. Anayetaka kusoma bila intaneti ahifadhi ukurasa wenyewe kwa Ctrl+S. Aliyeburuta kiungo kutoka Safari ya Mac naye ana .webloc, faili la njia ya mkato la Mac, ambalo Windows hailijui.

Hofu ya virusi haikutoka hewani, hilo nalikubali. Sote tumeona flashi ambazo folda zake zimefichwa, badala yake zikawekwa .lnk za kudanganya. Februari 2024 Microsoft ilitoa kiraka (marekebisho ya usalama) cha CVE-2024-21412, namba ya udhaifu uliohusu mafaili ya .url yenyewe, na Outlook huyazuia yakiambatishwa kwenye barua pepe. Ndiyo maana nasita kumfundisha kila mteja kutumiana mafaili haya. Mara nyingi naona heri amtumie mwenzake anwani tupu. Lakini njia ya mkato ya kwako, uliyoitengeneza mwenyewe kwenye folda yako, ikigoma, anza na Properties. Fundi akitaja kupiga Windows kabla ya kufungua Properties, chukua kompyuta yako uondoke.