Meza ya mashindano si kijiwe cha drafti

Wachezaji wengi wa chesi wa klabu Mtwara na Lindi wameanzia kwenye drafti, chini ya mwembe, ambako mkono hugusa kete tatu kabla ya kuamua na watazamaji hupiga kelele kuliko wachezaji. Mazoea hayo yakiingia kwenye mashindano ya sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, mchezo uliokuwa mkononi unaponyoka.

Dhana: Hali ya ubao ikijirudia mara tatu, sare inakuja yenyewe.
Haiji, ni lazima uidai. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta mara ya tatu, usiguse kete. Iandike kwenye karatasi yako ya hatua, simamisha saa ya mchezo, mwite mwamuzi, mweleze unachotaka kucheza. Ukigusa kete kabla ya kudai, haki hiyo umeipoteza kwa zamu hiyo. Wengi hukosea kwa kuhesabu hatua zilizorudiwa; kinachohesabiwa ni ubao wenyewe: kete zilezile, miraba ileile, zamu ya mtu yuleyule. Si lazima zifuatane. Ukidai kimakosa, mpinzani anaongezewa dakika 2. Mara ya 5 ndipo mchezo unaishia hapo bila kuombwa. Kwa hiyo karatasi yenye mapengo ni hasara yako mwenyewe.

Dhana: Ngome iliyopinduliwa kichwa chini ni malkia.
Ni ngome, hata ukiitaja kwa sauti. Askari akifika mwisho wa ubao ili awe malkia, na malkia wa ziada hayupo mezani, simamisha saa umwombe mwamuzi. Ukimwacha askari palepale na kubonyeza saa, hiyo ni hatua haramu: ya kwanza humpa mpinzani dakika 2, ya pili inakupotezea mchezo.

Dhana: Ukihamisha mfalme na ngome kwa hatua moja (castling), anza na yoyote.
Anza na mfalme, kwa mkono mmoja. Ukigusa ngome kwanza, upande huo huruhusiwi tena; unacheza ngome peke yake.

Dhana: Saa ikiisha, umeshindwa tu.
Mpinzani akibaki na mfalme peke yake, ni sare. Ila akiwa na askari hata mmoja, kwa kawaida umekwisha, maana askari huyo anaweza kuwa malkia.

Dhana: Lazima useme "cheki" ukimshambulia mfalme.
Si lazima. Ila kurekebisha kete kunataka useme "narekebisha" kabla ya kugusa, tena zamu ikiwa yako. Ukisema baada ya kugusa, itabidi uicheze.