Kabla ya Kumwita Mvivu, Fungua Daftari Lake

Wiki iliyopita nilikabidhiwa mwanafunzi mpya katika darasa langu la masomo ya ziada ya hisabati, na pamoja naye nikapewa ripoti yake ya muhula uliopita, ambayo ndani yake kulikuwa na maneno matano ninayoyajua kama jina langu: "Ana uwezo, lakini ni mvivu." Kwa miaka 16 nimefundisha wanafunzi wa sekondari wanaoshika mkia, na sikumbuki muhula uliopita bila mimi kuletewa maneno hayo, tena yakiwa yameandikwa na walimu wazuri, wenye huruma, ambao wangekasirika kama wao wenyewe wangehukumiwa hivyo bila ushahidi. Safari hii nimeamua kuandika kwa kirefu, kwa sababu neno "mvivu" likishaandikwa, hakuna anayelifungua tena daftari la mwanafunzi kutafuta sababu nyingine.

Mimi nililifungua. Kisha nikampa kijana huyo maswali 12 ya kutoa, ya kiwango cha shule ya msingi, naye akakosa 7. Anayehesabu alama tu angeona 5 kati ya 12 na kusema kwamba hakujitahidi. Lakini maswali 5 aliyopata yalikuwa yale yasiyohitaji kukopa, na katika yale 7 aliyokosa alikuwa amefanya jambo moja lile lile mara saba: katika kila safu alitoa tarakimu ndogo kwenye tarakimu kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Kwa hiyo 304 kutoa 168 kwake ni 264, kwa kuwa 4 na 8 zinatofautiana kwa 4, 0 na 6 zinatofautiana kwa 6, na 3 na 1 zinatofautiana kwa 2. Mvivu hafanyi kazi ya namna hiyo. Huyu amefuata kanuni kwa uaminifu kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, ila kanuni yenyewe si sahihi, na inawezekana ameifuata kwa miaka mingi bila mtu kukaa naye dakika tano na kumwuliza alifikaje kwenye jibu lake.

Jambo hili si geni. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu za kutoa si ya kubahatisha, kwani mtoto hufuata utaratibu wenye kasoro mahali fulani, na ukishaijua kasoro hiyo unaweza kutabiri jibu atakaloandika katika swali ambalo bado hajaliona. Ninashangaa kwamba baada ya muda wote huo bado tunasahihisha kwa kuweka vema na kosa, tunajumlisha, na kuandika idadi juu ya karatasi, kana kwamba idadi hiyo inatueleza la kufundisha kesho.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wanivumilie, maana hili ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote. Tumezoea kudhani kwamba jibu sahihi linaonyesha uelewa na jibu lisilo sahihi linaonyesha ukosefu wake. Chukua desimali. Mwulize mwanafunzi ni ipi kubwa kati ya 0.4 na 0.35. Wako watakaosema 0.35, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4, na hao tunawajua na tunawasahihisha. Lakini wako wengine watakaojibu 0.4, tukawawekea vema na kupita, ilhali walichofikiri ni kwamba desimali yenye tarakimu chache ndiyo kubwa siku zote, kwa sababu sehemu za kumi ni kubwa kuliko sehemu za mia. Mpe mwanafunzi huyo huyo 0.3 na 0.35 naye atakuambia kwamba 0.3 ndiyo kubwa. Alama ya vema uliyompa mwanzo imemthibitishia kosa lake. Atasonga mbele nalo hadi asilimia na uwezekano, na siku atakapoanguka huko, mwalimu wa wakati huo ataona mwanafunzi aliyekuwa "akifanya vizuri" zamani na sasa "ameanza uvivu". Ndiyo maana sitoi swali moja la kulinganisha desimali. Ninatoa matatu au manne, nikiyachagua kwa makusudi ili kila kanuni potofu izae mpangilio wake wa majibu, kisha ninausoma mpangilio huo kabla ya kuhesabu alama.

Alama ya usawa nayo ina hadithi yake. Andika 8 + 4 = □ + 5 na umwombe mwanafunzi ajaze nafasi. Jibu ni 7, lakini wengi watajaza 12, na wengine 17, kwa kuwa tangu darasa la kwanza wameiona alama hiyo ikisimama mwisho wa swali, mahali pa kuandika jibu, na kwao haina maana ya pande mbili zenye thamani moja bali ni amri ya kukokotoa. Mwanafunzi mwenye imani hiyo hawezi kuelewa 3x + 4 = x + 10, hata umwonyeshe mara ishirini jinsi ya "kuhamisha" x. Atakariri hatua, atapata maswali matatu yanayofanana na mfano wa ubaoni, na atapotea pale swali la nne litakapogeuzwa kidogo. Sisi tutasema hakufanya mazoezi ya kutosha.

Kuhusu namba hasi nitasema machache: sentensi "hasi na hasi ni chanya" tumeifundisha wenyewe, bila kueleza kwamba ni ya kuzidisha na kugawanya, kisha tunamlaumu anayeandika kwamba −5 − 3 ni 8.

Sasa, ninajua swali litakalofuata, kwa sababu huulizwa kila mara: vipi basi kuhusu yule ambaye haandiki chochote, anayelaza kichwa juu ya dawati, anayekuja bila kalamu? Je, huyo naye anafuata kanuni? Ninaamini wengi wao wanaifuata, na kanuni yao ni ya kujilinda. Mtu aliyejitahidi mara nyingi akaambulia kosa jekundu kila mara hujifunza kwamba jitihada na matokeo havihusiani, na pia hujifunza jambo la pili ambalo ni zito zaidi kwa kijana wa miaka 15: kwamba kufeli bila kujaribu ni aibu ndogo kuliko kufeli baada ya kujaribu mbele ya wenzake. Asiyejaribu anabaki na nafasi ya kuaminiwa kwamba angeweza kama angetaka. Tukiandika "ana uwezo, lakini ni mvivu", tunampa kinga ile ile aliyokuwa akiitafuta, kwa maandishi na kwa sahihi ya mwalimu. Kwa nini aiache?

Ndiyo sababu siku za kwanza siandiki alama yoyote kwenye daftari za darasa hili. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama, na waliopewa maoni pamoja na alama hawakupata faida ile ya maoni, kana kwamba namba iliyafuta maneno. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwanafunzi akiona 3 kati ya 10 hufunga daftari, lakini akiona "hatua ya pili ni sahihi, iangalie alama ya kutoa katika ya tatu" hurudi kuitazama hatua ya tatu, hata kama ni kwa manung'uniko.

Kuna ushauri mwingine nisioupenda, nao ni ule wa kumrudisha mwanafunzi "mwanzo kabisa" kwa sababu "hana msingi". Msingi wa wanafunzi hawa haujakosekana wote. Una matundu, na matundu ya huyu si ya yule. Kumfundisha kijana wa sekondari hesabu zote za shule ya msingi kuanzia ukurasa wa kwanza ni kumdhalilisha kwa mambo aliyokwisha kuyajua na kumchosha kabla hujafika kwenye tundu lenyewe. Jedwali la kuzidisha ni kisa cha pekee, na hapo ninashikilia kukariri bila kuona haya. Akili hushika mambo machache kwa wakati mmoja, takriban manne kwa makadirio ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001, na mwanafunzi anayelazimika kuitafuta 7 × 8 kwa vidole katikati ya mlinganyo huwa ameusahau mlinganyo anapoipata.

Lazima niseme pia ninapoyumba. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba nikiwaeleza wanafunzi kuwa akili hukua kwa mazoezi, kama alivyofundisha mwanasaikolojia Carol Dweck, basi mlango ungefunguka. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, lililohusisha takriban wanafunzi 12,000 wanaoanza sekondari, lilionyesha kwamba somo fupi la aina hiyo liliwasaidia wenye matokeo ya chini, lakini kwa kiasi kidogo sana, yaani takriban sehemu moja ya kumi ya pointi katika wastani wao wa alama. Ninaendelea kulifundisha, ila sitegemei tena maneno ya kutia moyo kufanya kazi ya kumwonyesha mtu mahali kanuni yake ilipopinda. Vilevile, nimewahi kutumia muhula mzima nikitafuta tundu la hesabu kwa msichana mmoja, na tatizo lake likawa kusoma: mpe mlinganyo anaufanya, mpe swali la maneno anaganda kwenye sentensi ya pili. Muhula ule niliupoteza mimi, wala si yeye. Na wako wachache ambao sikufika kwao kabisa. Sijui kama walikosa nia au nilikosa swali la kuwauliza, lakini kwa kuwa sijui, sijawahi kuandika kwamba walikuwa wavivu.

Thawabu ya kazi hii haionekani vizuri kwenye karatasi ya matokeo. Anayetoka alama 12 hadi 28 bado amefeli, na hakuna atakayempigia makofi siku ya kutangaza matokeo. Mimi huiona mapema zaidi, pale mwanafunzi anapoacha kuniuliza "ni sahihi?" na kuanza kuniuliza kwa nini, au anapobishana na jibu langu la ubaoni na kubishana kwake kukawa na hoja. Siku hizo hurudi nyumbani nikiwa sijachoka, hata kama nimefundisha vipindi saba.

Yule kijana wa wiki iliyopita nilimrudishia maswali yake Alhamisi, bila alama yoyote, nikamwomba anieleze lile la 304 kutoa 168 kwa sauti. Alianza kama kawaida, 4 na 8, kisha akanyamaza, kwa kuwa alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. Akaniambia anajua kwamba hapo inatakiwa kukopa. Kisha akauliza, kwa hasira kidogo: "Mwalimu, hiyo sifuri itakopeshaje wakati yenyewe haina kitu?"

Hilo ndilo swali ambalo alipaswa kujibiwa akiwa na miaka tisa. Nilimwambia asiitazame sifuri peke yake, aitazame 30 yote, kwa maana 304 ni makumi 30 na mamoja 4, na mwenye makumi 30 anaweza kutoa kumi moja na kubaki na 29. Alitazama kwa muda mrefu. Akaikata 30 na kuandika 29 juu yake, akaifanya 4 kuwa 14, akapata 136, kisha akayarudia yale maswali 6 mengine bila kuambiwa.