Wati 300, Sponji Imeoza

Juzi tena. Kijana kaniwekea spika mbili mezani, kazigeuza mgongo, kanionyesha kibandiko kama mtu anayeonyesha cheti: "Fundi, wati 300! Za roki hizi." Nikagusa ukingo wa wufa, ile spika kubwa ya besi. Sponji ikabaki kidoleni, nyeusi, inanata.

Jamani. Wati za kibandikoni ni umeme ambao spika inaweza kuhimili kabla haijaungua, basi. Ukitaka kujua itapiga kwa nguvu kiasi gani, tafuta desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ukiipa wati 1, ukasimama mita 1, inatoa ngapi? Chukua ya 92 na ya 86. Sita tu, utasema. Lakini kila desibeli 3 unazoongeza, wati zinataka kuwa mara mbili. Ya 92 kwa wati 50 inafika 109. Ya 86 itakudai wati 200 kufika hapo hapo, na amplifaya yako ya zamani haina hizo.

Na namba hiyo nayo ina ujanja wake. Wengi hupimia kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme) hiyo ni wati 1 kweli. Kwa ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo ya omu 4 imejipatia desibeli 3 za bure kwenye karatasi, na amplifaya ndiyo inayolipa.

Hapo ndipo twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinapoungulia. Watu hudhani amplifaya kubwa ndiyo inayoua spika. Nyingi nilizofungua ziliuawa na ndogo iliyosukumwa hadi mwisho, mawimbi yakakatwa vichwa, joto likaishia kwenye koili, ule waya mwembamba uliozungushwa ndani ya twita. Roki inaficha kosa hilo: gitaa lenyewe linakwaruza, utajuaje kwamba sasa inayokwaruza ni amplifaya?

Kukagua ni dakika tano. Toa vitambaa vya mbele. Ukingo wa raba hudumu, sponji huoza hata spika ikiwa imekaa kabatini. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Ukiweka mita ya umeme kwenye wufa ya omu 8 ikasoma kama 6, usishtuke. Kisha piga wimbo kwa sauti ndogo, sikio moja kwa moja kwenye kila twita. Iliyokufa haisemi kitu, na ukiwa kwenye kochi hutaigundua, kwa sababu mwenzake anaimba kwa wawili.

Spika za sinema ya nyumbani ni hivyo hivyo, ila ya katikati ndiyo inayobeba maneno. Iwe ya familia moja na zile mbili za mbele, la sivyo mtu akitembea kwenye skrini sauti yake inabadilika njiani. Za nyuma weka ulizonazo. Besi iachie sabwufa, spika ya besi peke yake, kuanzia hezi 80 kushuka (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Nyuzi nzito ya gitaa la besi iko kwenye 41, wufa ndogo haifiki huko hata ukiibembeleza.

Kapasita za krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita? Huwa nabadilisha za zamani, nalipwa, mteja anasema sauti imefunguka. Mimi mwenyewe, nikiwasha mpya upande mmoja na nzee upande wa pili, mara nyingi sijui ipi ni ipi.