Mboga za Bustani ni Kitoweo cha Kuku, Si Mlo Wake

Mfugaji akituletea lalamiko kwamba kuku wake wamepunguza kutaga ilhali wanashinda wanakula, swali letu la kwanza huwa: wanakula nini? Mara nyingi jibu ni majani. Bustani imestawi, kabichi zimepasuka, mchicha umezidi, na kwa kuwa kuku wanayagombania, mwenyewe ameanza kupunguza chakula cha kununua. Jioni anaona gole, yaani kifuko cha chini ya shingo kinachopokea chakula, limetuna, anaridhika. Kumbe limejaa maji.

Tupige hesabu kidogo. Gramu 100 za kabichi zina takriban gramu 92 za maji, na protini yake inazidi gramu 1 kwa kiasi kidogo tu. Kuku wa mayai hula kama gramu 110 hadi 120 za chakula kamili kwa siku. Chakula hicho kikiwa na protini asilimia 16, atapata gramu 18 hivi. Ili aipate protini hiyo kwenye kabichi peke yake, angelazimika kumeza karibu kilo moja na nusu kila siku, naye mwenyewe ana uzito wa kilo 2 tu. Gole haliwezi kubeba mzigo huo. Anashiba mapema, anakipita kilishio, na mwili unaanza kujibana: mayai yanapungua au yanakuwa madogo. Ganda moja la yai lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kalsiamu hiyo hailetwi na konzi ya majani. Ndipo unapookota yai lenye ganda laini.

Kwa hiyo tunashauri mboga na mabaki mengine yote kwa pamoja yasizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kuku kwa siku. Wape alasiri, wakiwa wameshakula chakula chao. Konzi moja ya majani yaliyokatwakatwa inamtosha kuku mmoja. Kwa ajili ya kalsiamu, maganda ya chaza yaliyosagwa yawekwe kwenye chombo chake pembeni, kila kuku achukue kadiri ya haja yake.

Hatusemi muwanyime mboga. Mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea rangi ya njano inayokolea kwenye kiini cha yai. Huipata kwenye chakula, na majani ya kijani kibichi yaliyokolea ni chanzo kizuri sana. Pilipili nyekundu nazo hukipa kiini wekundu, tena kuku huzila bila taabu kwa kuwa ndege hawahisi ule muwasho tunaouhisi sisi. Na kwa kuku waliofungiwa bandani, kabichi nzima iliyoning'inizwa usawa wa kichwa ni kazi ya mchana kutwa. Kuku mwenye cha kudonoa hapati nafasi kubwa ya kumdonoa mwenzake manyoya. Kwa maoni yetu, faida hii peke yake inatosha kuwapelekea kabichi.

Yapo majani ya kutoa kwa kiasi. Spinachi, mchicha na majani ya bitiruti yana oksalati, ambayo huishika kalsiamu tumboni isitumike. Kidogo kwa zamu na mboga nyingine hakidhuru; kuwapa hayo hayo kila siku kwa wingi ndiko kubaya. Vitunguu navyo vikizidi hudhuru damu, na hata kabla ya hapo unaweza kuvionja kwenye yai.

Sasa vile visivyopelekwa bandani kabisa. Parachichi lina sumu iitwayo pesini, iliyo nyingi zaidi kwenye majani, ganda na kokwa, nayo hushambulia moyo wa ndege. Viazi mviringo vilivyogeuka kijani au kuchipua, pamoja na majani ya viazi hivyo na ya nyanya, vina sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Maharage makavu ni hatari yakiwa mabichi, na ni hatari vilevile yakipikwa nusunusu kwa moto mdogo. Yaloweke saa 5, mwaga maji, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 30.

Jambo linalotusumbua zaidi ni dawa. Majani yaliyotobolewa na wadudu ndiyo anayotupiwa kuku, na mara nyingi ndiyo yaliyopulizwa. Masalia ya viuadudu yanaweza kupita kwenye mwili wa kuku hadi ndani ya yai unalompa mtoto wako. Soma lebo: siku zilizoandikwa za kusubiri kabla ya kuvuna zinahusu majani ya kuku pia. Chambo cha kuua konokono nacho kisiachwe mahali kuku wanapoweza kukidonoa. Mboga iliyoota ukungu usiikate sehemu mbaya ukawapa iliyobaki. Ipeleke kwenye mboji. Mahindi na karanga zenye ukungu huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini.

Vipo vipande vinavyoonekana salama ila vinakwama. Kuku hana meno; husaga chakula kwenye firigisi kwa msaada wa changarawe. Kuku wa bandani asipowekewa changarawe, nyasi ndefu na mashina yenye nyuzi hujisokota na kuziba gole. Kata kila kitu vipande vifupi. Vifaranga wa wiki za mwanzo waachiwe chakula chao cha vifaranga tu.

Tumeulizwa pia kama mbegu za maboga zinatibu minyoo. Wape wazile, ni chakula kizuri, lakini msizitegemee kama dawa.

Matango na letusi zikizidi, kinyesi huwa majimaji na maranda yaliyotandikwa bandani hulowa. Maranda yaliyolowa ndiyo makao ya vimelea vya ugonjwa wa kuharisha damu, kwa hiyo okota mabaki kila jioni na ubadilishe palipolowa.

Asubuhi, kabla hujawalisha, papasa gole la kuku unayemtilia shaka. Linapaswa kuwa tupu. Likiwa bado gumu kama mpira, au laini na mdomo unatoa harufu ya uchachu, mtenge, mwondolee majani, mwachie maji, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.