Kwa nini PayPal inaweza kukushikia pesa siku 180?

Umeuza kitu mtandaoni, mnunuzi kalipa, na salio linaonekana kwenye akaunti yako ya PayPal. Unabonyeza ili utoe, unakuta taarifa kwamba akaunti imewekewa mipaka. Unaambiwa utume kitambulisho, risiti na uthibitisho kwamba mzigo ulisafirishwa. Unatuma vyote. Siku kadhaa baadaye jibu linakuja: hutaruhusiwa tena kutumia huduma hii, na salio lako litakaa hukohuko siku 180. Malalamiko ya aina hii yameiandama kampuni hiyo tangu ilipokuwa changa, na wanaolalamika huuliza jambo lilelile: pesa ni zangu, sasa hawa wanazishika kwa haki gani?

Jibu fupi ni kwamba wanazishika kwa mkataba uliokubali siku ya kujisajili. Jibu refu linaanzia kwenye jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: ile namba unayoiona kwenye skrini si noti zilizotengwa kwa jina lako. Kwa Marekani, masharti ya PayPal yamekuwa yakieleza kwamba salio la akaunti ya biashara ni dai lako kwa kampuni, tena dai lisilo na dhamana. Kampuni ni mdeni wako, basi. Na kila aliyewahi kukopesha anajua tofauti kati ya pesa iliyo mfukoni mwake na pesa iliyo kwa mdeni, hata mdeni awe tajiri namna gani.

Kwa nini hawabanwi kama benki? Suala hilo lilizuka mapema. PayPal ilitokana na kampuni ya Confinity, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Max Levchin, Peter Thiel na Luke Nosek, ikaungana na X.com ya Elon Musk mwaka 2000. Mwanzoni mwa 2002, wakati hisa zake zinaingia sokoni, wasimamizi wa fedha wa majimbo walianza kuuliza maswali. Louisiana iliitaka isimamishe huduma kwa wakazi wake hadi ipate leseni, na New York ikahoji kama haifanyi kazi ya benki bila kibali. Shirika la serikali kuu linalokatia bima amana za benki, FDIC, likasema kwamba kwa mtazamo wake PayPal si benki. Kampuni ikaendelea kama msafirishaji wa fedha, ikikusanya leseni jimbo kwa jimbo. Ajabu ni kwamba mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ilipata leseni ya benki Luxembourg ili ihudumie Ulaya. Ng'ambo moja ya Atlantiki ni benki, ng'ambo ya pili si benki.

Lakini leseni haielezi ukali wao. Ukali huo ulizaliwa na wizi. Mwaka 2000 PayPal ilikuwa ikipoteza fedha kwa kasi ya kutisha, na kesi iliyoonyesha namna wizi ule ulivyofanyika ilihusu vijana wawili kutoka Chelyabinsk, Urusi. Hawa waliandika programu ndogo zilizofungua anwani za barua pepe kwa wingi, kisha zikafungua akaunti za PayPal kwa anwani hizo na kuziunganisha na kadi za mkopo zilizoibwa. Halafu wakaingia eBay, soko la minada la mtandaoni, na kuwa pande zote mbili za mnada: akaunti yao moja inauza, nyingine inanunua, na kadi ya mtu asiyejua lolote ndiyo inayolipa. FBI iliwanasa kwa kuunda kampuni bandia mjini Seattle na kuwaalika kwenye usaili wa kazi. Walikamatwa Novemba 2000.

Itazame hiyo hila kwa makini, maana ndani yake ndimo zinamotoka zile siku 180. Mwizi anapolipa kwa kadi ya wizi, muuzaji anapata salio papo hapo. Mwenye kadi anagundua wiki kadhaa baadaye, analalamika kwa benki yake, na benki inayavuta malipo yale kutoka kwa PayPal. Ikiwa muuzaji ameshatoa pesa na kutokomea, hasara inabaki kwa PayPal. Kwa hiyo ulinzi wake wa hakika ni kuwa na pesa mkononi hadi muda wa kulalamika upite. Na muda ambao PayPal yenyewe humpa mnunuzi kufungua malalamiko ni siku 180 tangu siku ya malipo. Kwa hesabu hiyo, kukuzuilia salio miezi sita hakuna ukatili wowote. Ni kampuni kujikinga na hasara ambayo kisheria ingeiangukia.

Mimi naikubali hesabu hiyo. Nisichokikubali ni kwamba anayeamua kama wewe ni mwizi ndiye huyohuyo aliyeshika pesa, ndiye atakayepata hasara ukiwa mwizi kweli, na ndiye anayepokea rufaa yako. Mashine inayosaka wezi ikikosea, mwenye duka halali atakayeumia hana pengine pa kwenda isipokuwa mlango uleule uliomfungia.

Mahakama ililiona hilo mapema. Katika kesi ya Comb dhidi ya PayPal, watumiaji waliofungiwa akaunti waliishtaki kampuni huko California, nayo ikajibu kwamba mkataba wao unakataza kwenda mahakamani na unawataka waende kwa msuluhishi binafsi, kila mtu peke yake. Agosti 2002 jaji alilikataa sharti hilo kwa kuliona la upande mmoja mno. Kampuni ilijipa haki ya kubadili masharti ipendavyo na ya kuzuia fedha wakati mgogoro unaendelea, huku mtumiaji mwenye madai madogo akitakiwa kubeba gharama za usuluhishi. Kesi iliisha mwaka 2004 kwa mapatano ya dola milioni 9.25. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa New York, Eliot Spitzer, aliitoza dola 150,000 kwa kuwaaminisha wateja kwamba wanalindwa sawa na watumiaji wa kadi za mkopo, jambo ambalo halikuwa kweli.

Wizi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni serikali, na hapa PayPal huadhibiwa kwa kulegea. Machi 2015 Wizara ya Fedha ya Marekani ilifikia nayo mapatano ya dola 7,658,300 kwa sababu ya miamala 486 iliyohusu watu na nchi zilizo chini ya vikwazo. Jumla ya miamala yote hiyo ilikuwa dola 43,934. Yaani ililipa zaidi ya mara 170 ya fedha zilizopita. Miamala 136 kati ya hiyo ilikuwa ya mtu mmoja aliyewekwa kwenye orodha ya wanaohusishwa na usambazaji wa silaha za maangamizi. Mfumo wa kampuni ulimtilia shaka zaidi ya mara moja, na wafanyakazi wakaipuuza tahadhari hiyo na kuacha pesa zipite.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mfanyakazi anayekagua miamala hiyo siku moja baada ya adhabu ile. Ukifunga akaunti ya mtu asiye na hatia, kampuni itapokea barua ya hasira. Ukimwachia mtu mbaya, kampuni italipa mamilioni. Hakuna atakayesita achague lipi.

Tatizo ni kwamba vikwazo vya nchi moja vinawafikia watu wa nchi nyingine kupitia mlango huo. Mwaka 2011 PayPal iliitaka Rossmann, kampuni ya maduka ya Ujerumani, iache kuuza mtandaoni ramu na sigara kubwa za Kuba, ingawa bidhaa hizo ni halali kabisa Ujerumani. Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza nao wamelalamika kwa miaka kwamba hawawezi kutumia huduma hiyo, ilhali walowezi wa Kiisraeli wanaoishi jirani nao wanaitumia bila shida.

Mgogoro uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Desemba 2010. WikiLeaks ilikuwa imeanza kuchapisha nyaraka za siri za balozi za Marekani, na PayPal ikaifungia akaunti iliyokuwa ikipokea michango yake, iliyokuwa ya taasisi ya Kijerumani ya Wau Holland. Kampuni iliegemea barua ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliiandikia WikiLeaks, ikidai kwamba uchapishaji ule ni kinyume cha sheria. Hakukuwa na hukumu ya mahakama. Kundi la wadukuzi la Anonymous likalipiza kwa kuishambulia tovuti ya PayPal, na mwaka 2011 watu 14 wakashtakiwa Marekani kwa shambulio hilo. Fedha zilizokuwa zimebaki kwenye akaunti zilirudishwa kwa taasisi, lakini njia ya michango ilibaki imezibwa. Iwe unaipenda WikiLeaks au unaichukia, barua tu ilitosha kuiziba.

Oktoba 2022 hofu hiyo ilirudi kwa sura nyingine. Masharti mapya yaliyotangazwa yalionyesha kwamba anayetumia huduma kueneza habari za upotoshaji angeweza kukatwa dola 2,500 kutoka kwenye akaunti yake kwa kila kosa. Hata David Marcus, aliyewahi kuwa rais wa PayPal, aliyapinga hadharani. Kampuni ikayaondoa haraka ikisema yalitoka kimakosa. Wengi walishangilia na kuondoka, wasijue kwamba zile dola 2,500 hazikuwa mpya wala hazikufutwa. Zilikuwemo tayari kwa makosa mengine, kama kuuza bidhaa zilizokatazwa. Kilichoondolewa ni neno "upotoshaji" tu.

Na kukatwa kwenyewe si kitisho cha kwenye karatasi. Januari 2022 watumiaji watatu walifungua kesi California wakidai kwamba baada ya kuzuiwa kwa miezi sita, pesa zao hazikurudi bali zilichukuliwa na kampuni kama fidia. Mmoja alidai amepoteza dola 26,984 na hakuelezwa amevunja sharti gani.

Nje ya Marekani, wasimamizi wameanza kuyashambulia masharti yenyewe badala ya kungoja kesi ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2024 mamlaka ya Poland ya kulinda watumiaji, UOKiK, iliitoza PayPal Ulaya zaidi ya zloti milioni 106, ikisema kwamba orodha ya mambo yaliyokatazwa na adhabu zake imeandikwa kwa namna ambayo mtumiaji hawezi kujua ni kitendo gani kitamfanya azuiliwe au akatwe pesa. Mwaka huohuo mahakama ya Australia ilibatilisha sharti lililowapa wafanyabiashara wadogo siku 60 za kugundua makosa kwenye ada walizotozwa, la sivyo makosa hayo yahesabiwe sahihi. Sharti hilo, kwa maoni yangu, linaudhi kuliko hata zile siku 180, kwa kuwa halina mwizi wa kusingizia.

Hii haina maana kwamba migogoro yote ya PayPal inatokana na kuzuia pesa. Mwaka 2015 ililazimika kulipa dola milioni 25 Marekani, milioni 15 zikiwa marejesho kwa wateja, baada ya kudaiwa kuwasajili watu kwenye huduma yake ya mkopo bila wao kujua. Kampuni yake ya Honey, yenye programu ya kuwatafutia wanunuzi kuponi za punguzo, iliyonunuliwa kwa takribani dola bilioni 4, nayo inadaiwa kuchukua kamisheni za watengeneza maudhui waliowaleta wanunuzi.

Kuhusu lile sharti la usuluhishi lililokataliwa na jaji mwaka 2002: lilirudi kwenye mkataba wa Marekani Novemba 2012, likiwa limeandikwa upya. Mara hii mtumiaji mpya ana haki ya kulikataa na kubaki na njia ya mahakama. Anachotakiwa kufanya ni kuandika barua, kuitia saini na kuituma kwa posta ndani ya siku 30 tangu akubali mkataba kwa mara ya kwanza.